Amarna, Mji wa Mungu Mmoja

Katikati ya Misri, upande wa mashariki wa Mto Nile, majabali yanajitenga na mto na kuacha uwanda wa mchanga. Hapo, yapata mwaka 1346 KK, Farao Amenhotep wa Nne alianza kujenga mji mkuu mpya, kwenye ardhi isiyokuwa ya mungu mwingine yeyote. Alijibadili jina, akawa Akhenaten. Mji akauita Akhetaten. Leo ni Tell el-Amarna.

Mungu wake, Aten, alikuwa jua lenyewe. Hekalu lake kuu liliachwa wazi, na mamia ya meza za sadaka zikapangwa juani. Ili kazi iende haraka, mawe yalichongwa madogo, urefu wa sentimita 52 hivi, mtu mmoja aweze kubeba lake. Kwingineko nchini mafundi walishika patasi, wakafuta jina la mungu Amun kutani, hata lilipokuwa sehemu ya jina la baba mzazi wa farao. Wapo wanaosema alitaka tu kuvunja nguvu za makuhani wa Amun. Mimi sikubali. Anayegombea nguvu hahangaiki kufuta jina lililo kwenye ncha ya mnara wa jiwe, mahali pasipofikiwa na jicho la mtu. Huyu aliamini.

Lakini imani hiyo aliifungia nyumbani kwake. Tazama michoro ya makaburi ya Amarna: miale ya jua inaishia kwa viganja vidogo, na viganja hivyo vinasogeza alama ya uhai puani mwa farao na mkewe Nefertiti. Maofisa wameinama chini, miale haiwapi kitu. Aliyemtaka Aten ilimbidi apitie kwa mfalme. Ndiyo maana katika kijiji cha wafanyakazi, nje kidogo ya mji, wanaakiolojia wamekuta hirizi za Bes na Taweret, miungu walinzi wa wajawazito na watoto. Na mji huo uliwagharimu: makaburi ya watu wa kawaida yamejaa vijana waliodumaa kwa lishe duni, migongo imeumia kwa mizigo.

Akhenaten alifariki yapata 1336 KK. Miaka michache baadaye farao kijana Tutankhaten akajiita Tutankhamun, akauhama mji na kuyafufua mahekalu ya zamani. Farao Horemheb akaubomoa, na Farao Ramesses wa Pili akavusha mawe hadi mji wa Hermopolis, yakawa msingi wa majengo yake. Enzi hizohizo, katika kesi moja ya ardhi, ilipobidi kuutaja utawala wa Akhenaten, jina lake halikuandikwa. Aliitwa adui.