Kutoka Swichi hadi Chipu: Historia ya Kumbukumbu ya Kompyuta Kujitambulisha

Katika kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981, kiasi cha kumbukumbu kilioneshwa kwa swichi ndogo zilizopangwa kwa mkono juu ya bodi mama. Kadi za pini 72 zilizokuja baadaye zilitenga pini nne kwa kazi hiyo. Kila pini iliunganishwa na ardhi au iliachwa wazi, hivyo ukubwa na kasi vilielezwa kwa michanganyiko 16 tu. Msamiati huo ulikuwa finyu mno.

Katika miaka ya 1990, viwango vya JEDEC viliweka juu ya kadi yenyewe chipu ndogo ya EEPROM yenye baiti 256, maarufu kwa kifupi kama SPD, inayosomwa kupitia nyaya mbili za mfumo wa I2C. Baiti ya 2 hutaja aina ya kumbukumbu: 4 ni SDRAM, 7 ni DDR. Nyingine hutaja idadi ya safu na muda wa kusubiri.

Mabadiliko haya huelezwa kwa kawaida kuwa ni urahisi kwa mtumiaji. Maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu yanaficha ugumu uliohamia kwa mwandishi wa programu: chipu lazima isomwe kabla kumbukumbu kuu haijaanza kufanya kazi, yaani programu haina pa kuweka hata hesabu zake. Mradi wa LinuxBIOS, ulioanzishwa na Ron Minnich katika maabara ya Los Alamos mwaka 1999, ulikumbana na tatizo hilo waziwazi. Eric Biederman aliunda romcc, programu iliyogeuza msimbo wa lugha ya C kuwa maagizo yanayotumia rejista za prosesa pekee. Baadaye kache ya prosesa ilitumiwa kwa muda mahali pa kumbukumbu, na romcc ikaachwa.

Lililobaki ni suala la uaminifu. Katika SDRAM na DDR, jumla ya uhakiki iliyo katika baiti ya 63 huonesha kama baiti zilizotangulia zimesomwa bila kuharibika. Haioneshi kama kilichoandikwa ni kweli. Swichi iliyokosewa ilionekana kwa macho, ikarekebishwa kwa kidole. Baiti yenye kosa humwachia fundi skrini nyeusi na, pengine, milio michache, kwa kuwa mashine imekwama kabla ya kupata kumbukumbu ya kuandalia ujumbe.