Mwani mgeni wa pwani ya Kilwa na Lindi

Mwani unaolimwa katika fukwe za Kilwa na Lindi, ambao wengi hudhani ni mmea wa asili wa pwani hiyo, ni mgeni aliyeletwa kutoka Ufilipino. Umekaa katika maji ya Tanzania kwa zaidi ya miaka 30 na kuwapatia kipato maelfu ya wakazi wa pwani, wengi wao wakiwa wanawake. Wakati huohuo, umetoka mashambani na kuota mahali ambapo hakuna aliyeupanda.

Aina zinazolimwa ni mbili. Wakulima huziita spinosamu na kotoni. Majina yake ya kisayansi ni Eucheuma denticulatum na Kappaphycus alvarezii. Zote mbili ni za kundi la mwani mwekundu, ingawa huonekana pia zikiwa na rangi ya kahawia au kijani.

Umbo lake

Spinosamu ina matawi membamba ya mviringo, yaliyozungukwa na vijiba vifupi mithili ya miiba ambavyo hujipanga kama pete. Kotoni ina matawi manene na laini zaidi, yenye miiba michache. Zote hukakamaa kama gegedu zikishikwa zikiwa mbichi.

Thamani yake imo katika utomvu unaoitwa karajinani, ambao hutumika viwandani kugandisha na kuzipa uzito bidhaa kama dawa ya meno, maziwa na vipodozi. Utomvu wa kotoni hutoa mgando mgumu, na ule wa spinosamu mgando laini. Kwa sababu hiyo kotoni huuzwa kwa bei kubwa zaidi.

Mahali unapoota

Mwani huu hupenda maji ya chumvi yaliyo safi, yenye mwanga wa jua na mkondo wa wastani, karibu na mahali ambapo bahari hufikia inapokupwa. Maji baridi ya mito huudhoofisha. Ndiyo maana haufai kupandwa karibu na midomo ya mito mikubwa kama Rufiji, ulioko kaskazini mwa Kilwa, au Lukuledi, unaoingia katika ghuba ya Lindi. Visiwa vyenye miamba na mchanga, kama Songosongo na Songo Mnara, huufaa zaidi.

Kilimo chenyewe hufuata mwezi. Maji ya bamvua yanapokupwa, wakulima hushuka baharini, hupigilia vigingi, hutandaza kamba na kufunga vipande vya mwani kwa nyuzi ziitwazo taitai. Baada ya wiki sita hivi huvuna. Kilo saba hadi kumi za mwani mbichi zikianikwa hutoa kilo moja tu ya mwani mkavu.

Ulivyofika

Kabla ya kilimo kuanza, wakazi wa pwani waliokota mwani wa asili na kuuza kwa wafanyabiashara waliousafirisha ng'ambo. Biashara hiyo ilififia katika miaka ya 1970, Ufilipino ilipoanza kulima mwani kwa wingi. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndiye aliyetangulia kutafiti uwezekano wa kuulima hapa nchini.

Mwaka 1989 kilimo cha kibiashara kilianza Zanzibar kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Katika miaka ya 1990 kilivuka hadi Tanzania Bara na kuenea Tanga, Bagamoyo, Kilwa, Lindi na Mtwara.

Unavyoenea

Mbegu ya mwani ni kipande cha mwani wenyewe. Kipande kinachokatwa na wimbi au kung'olewa na samaki aina ya tasi huchukuliwa na mkondo, na kikinasa kwenye mwamba huweza kuendelea kukua. Hivyo shamba lililoachwa haliishi kwa kung'olewa vigingi.

Suala la spinosamu ni gumu zaidi, kwa kuwa jamii hiyo ipo pia kwa asili Afrika Mashariki. Ya Asia na ya hapa hazitofautishwi kwa macho. Hutofautishwa kwa kupima vinasaba. Utafiti wa wanasayansi wa Sweden na Tanzania, uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la Marine Biology, ulionyesha kuwa aina ya kigeni imeenea sana katika mwani unaoota wenyewe nchini, na kuchukua nafasi ya ile ya kienyeji.

Hasara na tahadhari

Yaliyotokea kwingine ni onyo. Huko Hawaii, mwani wa jamii ya kotoni ulioletwa katika miaka ya 1970 ulifunika matumbawe katika ghuba ya Kaneohe, ikabidi uondolewe kwa mashine za kunyonya. Katika kisiwa cha Kurusadai nchini India, taarifa za kufunikwa kwa matumbawe zilitolewa mwaka 2008. Hapa nchini, utafiti wa ghuba ya Chwaka, Unguja, ulikuta majani ya bahari yakiwa machache zaidi chini ya mashamba ya mwani.

Hata hivyo, hatari iliyo karibu zaidi ni ya mkulima mwenyewe. Mwani unaozalishwa kwa vipande hufanana vinasaba, na ugonjwa unaoupata mmoja huweza kuupata wote. Tangu miaka ya 2000 kotoni imekuwa ikipauka, kulainika na kukatika katika maeneo mengi kadiri maji yanavyopata joto, na wakulima wengi wamelazimika kubaki na spinosamu yenye bei ndogo.

Aina za kienyeji, zilizozoea bahari hii kwa karne nyingi, huenda ndizo zitakazotoa mbegu mpya. Zikimezwa na mgeni kabla ya kutambuliwa na kuhifadhiwa, akiba hiyo itakuwa imepotea. Kwa mkulima, hatua za awali ni kuondoa mabaki ya mwani katika shamba analoliacha, kutopanda juu ya matumbawe, na kutohamisha mbegu kutoka eneo moja hadi jingine bila ushauri wa maofisa uvuvi.