Vigae vya Kichina katika Pwani Yetu

Natumaini ninyi mlioko darasani Nkwenda mmekwisha keti, na kalamu zi tayari. Leo tutazungumza habari za mabakuli. Msicheke. Bakuli lililovunjika laweza kutufundisha mambo ambayo hayakuandikwa kitabuni.

Tuanze nyumbani. Zamani mfinyanzi wa huku kwetu alipokwisha finyanga chungu, aliviringisha kamba iliyosokotwa juu ya udongo mbichi. Alama za kamba zikabaki. Leo mtu akiokota shambani kigae chenye alama hizo, ajua kwamba hapo waliishi watu.

Sasa twende pwani, mpaka Kunduchi, kaskazini ya mji wa Dar es Salaam. Hapo pana makaburi ya kale yenye nguzo ndefu za mawe na chokaa. Ndani ya chokaa, wajenzi walipachika mabakuli meupe yenye michoro ya buluu. Yalikuwa pambo, tena yalionyesha heshima ya marehemu.

Mabakuli hayo yalitoka Uchina. Tangu karne ya 14 wafinyanzi wa mji wa Jingdezhen walitengeneza vyombo vya namna hiyo kwa wingi. Walichanganya udongo mweupe na unga wa jiwe, wakafinyanga. Kisha walichora maua, samaki, ndege au joka kwa rangi ya madini yaitwayo kobalti. Hapo mwanzo kobalti nzuri ililetwa kutoka Uajemi. Juu ya mchoro walipaka maji mazito ambayo motoni hugeuka kama kioo. Chombo kikaingia tanuruni, katika moto wa digrii 1,300 hivi. Rangi haikufutika, maana imo chini ya kioo.

Je, mabakuli yalifikaje kwetu? Yalipita katika mikono ya wafanyabiashara wengi, wa Uchina, wa Bara Hindi, wa Uajemi na wa Arabuni. Mwisho upepo wa kaskazi ulisukuma majahazi mpaka pwani yetu. Watu wa pwani walilipa kwa dhahabu na pembe za ndovu, na pembe nyingi zilitoka bara.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye faida ya somo. Michoro ya Wachina ilibadilika zamani hata zamani. Mtaalamu akikitazama kigae, mara nyingi aweza kusema kilitengenezwa wakati gani. Tuseme kigae cha zamani za mfalme Wanli, aliyetawala Uchina tangu 1572 hata 1620, kimeonekana chini ya sakafu ya nyumba ambayo haijafumuliwa. Basi nyumba ile haikujengwa kabla ya 1572. Yaweza kuwa imejengwa baadaye, kwa sababu watu huweka vyombo vizuri miaka mingi. Kwa njia hii Neville Chittick, aliyechimba Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960, aliweza kupanga habari za mji ule.

Lakini ushahidi huu huharibika upesi. Katika makaburi mengi ya pwani mabakuli yameng'olewa, na yamebaki matundu matupu. Mwenye kung'oa hupata bakuli moja, nasi sote hupoteza habari zake. Kigae kilichotolewa mahali pake ni kama ukurasa uliochanwa kitabuni: maneno yapo, lakini hatujui yalifuata nini.

Kwa hiyo, ndugu zangu, ukilima ukakuta vigae vingi mahali pamoja, viache palepale, ukampashe habari mwalimu au ofisa utamaduni. Huenda jembe lako limegusa historia ya wazee wetu.

Maswali ya kujibu darasani:
1. Kwa nini rangi ya buluu haikufutika?
2. Kigae kilicho chini ya sakafu hutufundisha nini?
3. Ukiokota kigae na kukipeleka nyumbani, ni habari gani zinazopotea?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.