Nani Anaandika Namba ya Toleo?

Fungua programu yoyote kwenye simu yako, tafuta namba ya toleo lake. Utakuta kitu kama 4.12.3. Unadhani kuna mtu alikaa akaiandika? Siku hizi mara nyingi ni kompyuta, na kazi hiyo imeianza zamani kuliko unavyofikiri.

Mwaka 1972 Marc Rochkind, wa maabara za Bell kule Marekani, alitengeneza SCCS, mfumo wa kutunza historia ya faili za programu. Kila ulipohifadhi badiliko, mfumo wenyewe ulisogeza namba: 1.1, 1.2, 1.3. Ukiweka alama %I% ndani ya faili, wakati wa kuitoa ilibadilishwa kuwa namba halisi. Miaka kumi baadaye Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue akaleta RCS, nayo ikihesabu vivyo hivyo. Lakini ilikuwa kuhesabu tu, kama daftari la mahudhurio. Namba 1.7 haikukwambia kama kazi uliyojenga juu ya 1.6 itaharibika.

Maana ilikuja na kanuni za SemVer, zilizoandikwa na Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub. Toleo lake la 2.0.0 ni la 2013 (ndiyo, hata kanuni zina toleo). Namba ya mwisho hupanda ukirekebisha kosa, ya kati ukiongeza kitu bila kuharibu cha zamani, ya kwanza ukivunja kilichokuwa kikifanya kazi. Yaani namba ikawa ahadi.

Na mashine huiamini ahadi hiyo. Kwenye npm, ghala la vifurushi vya JavaScript (si vya bando!), ukiandika ^1.4.2 umeruhusu toleo lolote jipya lililo chini ya 2.0.0.

Sasa zana kama semantic-release husoma ujumbe unaoandika unapohifadhi badiliko: fix hupandisha namba ya mwisho, feat ya kati, BREAKING CHANGE ya kwanza. Kisha inachapisha kifurushi yenyewe.

Hapa, kwa maoni yangu, ndipo wengi hujidanganya. Zana haikusoma kodi yako, imesoma sentensi yako. Ukifuta funksheni wanayoitegemea watu, halafu kwa haraka ukaandika fix, 1.4.2 inakuwa 1.4.3. Usiku huohuo mtu usiyemjua, ambaye hakufungia matoleo yake, anasakinisha upya. Mfumo wake unakwama, na namba inamwambia hakuna kilichovunjika.