Karantini ya Pwani: Kutoka Mji wa Kale hadi Changuu

Tarehe 6 Mei 2020, Ramadhani ikiwa imeanza, serikali ya Kenya ilitangaza kuufunga Mji wa Kale wa Mombasa kwa siku 15 ili kuzuia korona. Mtaa wa Eastleigh, Nairobi, ulifungwa siku hiyo hiyo. Masoko na mikahawa ikafungwa, na vizuizi vya polisi vikawekwa kwenye njia za kuingilia. Muda ukaongezwa hadi mapema Juni, na Idi ikawakuta watu wa Kibokoni na Ndia Kuu wakiwa bado wamezingirwa. Vijana wengi waliliona jambo hilo kuwa geni. Kwa kweli, pwani yetu ina historia ndefu ya kufungiwa kwa sababu ya maradhi.

Historia hiyo inakwenda na upepo. Kaskazi ilipovuma, kuanzia mwezi Desemba hivi hadi Machi, majahazi yalishuka kutoka Uhindi, Maskati na Hadhramaut, yakatia nanga Bandari ya Kale, karibu na Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Kusi ilipoanza yalirudi kwao, yamepakia boriti na pembe za ndovu. Biashara hiyo ndiyo iliyoijenga Mvita, yaani Mombasa. Lakini chombo kinachobeba tende na nguo hubeba pia mabaharia na abiria, na ndui, kipindupindu na tauni vilisafiri pamoja nao.

Si kila mara maradhi yalikuja kwa bahari. Daktari James Christie, Mskoti aliyefanya kazi Unguja, alichapisha mwaka 1876 kitabu kuhusu kipindupindu cha Afrika Mashariki. Alifuatilia njia za misafara na kuonyesha kuwa mlipuko wa mwaka 1869 ulipita nchi kavu, kupitia Umasaini, ukatokea Pangani kabla ya kuvuka hadi Unguja. Waliokuwa wakichunga upande wa bahari peke yake walikuwa wameacha mlango wa nyuma wazi.

Mwaka 1896 mambo mawili yalikutana. Tauni ililipuka Bombay, na ujenzi wa reli ya Uganda ukaanza Mombasa. Reli ilihitaji vibarua wa Kihindi, ambao hadi kazi ilipokwisha walikuwa wamefika kama 32,000. Tauni ilipoingia Karachi, uandikishaji wa vibarua hao ulikwama mapema mwaka 1897. Kuanzia hapo Waingereza hawakuweza tena kuiona afya ya bandari kama jambo dogo: meli moja yenye ugonjwa ingeweza kusimamisha mradi mzima.

Kati ya alama za zama hizo, iliyo wazi zaidi hadi leo iko Changuu, kisiwa kidogo kinachofikiwa kwa mashua kutoka Mji Mkongwe wa Unguja kwa muda usiozidi nusu saa kwa kawaida. Ukishuka, utaoneshwa kwanza makobe wakubwa, uzao wa waliotolewa zawadi kutoka Ushelisheli mwaka 1919. Watazame, kisha endelea mpaka kwenye majengo. Lloyd Mathews, waziri wa kwanza wa serikali ya Sultani, alikichukua kisiwa mwaka 1893 na kujenga gereza. Gereza hilo halikupata wafungwa. Badala yake kisiwa kikawa kituo cha karantini cha kuhudumia maeneo ya Waingereza ya Afrika Mashariki. Abiria waliotiliwa shaka walishushwa huko wakaangaliwa, mara nyingi kwa wiki moja au mbili, kabla ya kuruhusiwa kuendelea na safari. Kituo kilitumika hasa kati ya Desemba na Machi. Hiyo ndiyo miezi ya kaskazi. Kwa hiyo hata daktari wa serikali alifuata kalenda ya manahodha.

Simama ndani ya kuta zile ufikirie msafiri aliyekwisha kuiona Unguja kwa macho, naye hajui lini ataikanyaga. Kumzuia kulikuwa na maana, kwa sababu mji mzima ungeweza kuangamia. Lakini historia inatufundisha pia kwamba hofu ya maradhi ilitumiwa kuwagawa watu. Tauni ilipotokea Nairobi mwaka 1902, wakuu waliichoma moto Bazaa ya Wahindi. Zaidi ya miaka kumi baadaye Profesa William Simpson, aliyetumwa kukagua usafi wa miji ya Afrika Mashariki, alipendekeza Wazungu, Waasia na Waafrika watengewe maeneo yao ya kuishi. Ripoti ya afya ikawa hoja ya ubaguzi, na mipaka ya aina hiyo ilidumu katika miji yetu muda mrefu baada ya tauni kwisha.

Ndiyo maana kipimo cha karantini si urefu wa siku zake. Tuulize nani anafungiwa na nani anaachwa, aliyefungiwa anakula nini, na nani anamweleza sababu kwa lugha anayoielewa. Mwaka 2020 maswali hayo yaliulizwa tena barazani Mji wa Kale, na wachuuzi wanaoishi kwa mapato ya siku ndio waliokuwa na haki zaidi ya kuyauliza.

Changuu ina majengo ya kueleza habari zake. Mombasa ina kumbukumbu za watu, na kumbukumbu zisipoandikwa hupotea na wenyewe. Makumbusho ya Fort Jesus, misikiti, shule na familia za Mji wa Kale zikusanye sasa habari za wiki zile za mwaka 2020, pamoja na yale ambayo wazee walisimuliwa kuhusu ndui na tauni. Ugonjwa mwingine utafika bandarini siku moja, na watakaoamua namna ya kutufungia wanapaswa kuwa wamesoma kwanza tuliyoyapitia.