Kumtafuta Babu katika Kitabu cha Ubatizo

Kila Novemba tunawaombea marehemu wetu, lakini wengi wetu tunaishia kwenye jina la babu. Aliyemzaa babu hatumjui.

Katika Mkoa wa Songwe, tuanze kwa wazee. Tuwaulize jina la ukoo, jina la ubatizo, kijiji na majina ya ndugu zake. Kisha twende kwa Paroko, tumwombe atutazamie. Kanuni 535 ya Sheria za Kanisa inaitaka kila parokia itunze vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo, na kuvihifadhi kwa uangalifu vile vya zamani. Kitabu cha Ubatizo huandika wazazi, wasimamizi, mahali na tarehe ya kuzaliwa. Humo pia huongezwa kipaimara na ndoa. Hivyo mstari mmoja waweza kutuelekeza hadi parokia alikofungia ndoa.

Tena utafutaji usikomee Tunduma. Mpaka waliokubaliana Waingereza na Wajerumani mwaka 1890 uliwagawa Wanyamwanga, ambao leo wako Tanzania na Zambia. Ng'ambo hiyo, Mapadre Weupe walianzisha misheni ya Kayambi mwaka 1895. Mtu aliweza kuzaliwa upande huu akabatizwa upande ule. Wengine walibatizwa na Wamoraviani wa Mbozi. Nako tuulize kwa heshima.

Vitabu vitasubiri, wazee hawatasubiri. Tuwasikilize na kuandika leo, ili Novemba ijayo tumtaje kwa jina mbele ya Altare yule aliyetutangulia.