Vidonge vya Kolesteroli na Korona: Usivianze kwa Uvumi, Usiviache kwa Hofu

Korona imepungua makali, lakini haijatutoka. Na waliokuwa wakiumizwa nayo zaidi tangu mwanzo ni wazee, na watu wenye presha, sukari na maradhi ya moyo. Ni haohao ambao wengi wao, kila usiku kabla ya kulala, humeza kidonge cha kupunguza mafuta kwenye damu. Ndiyo maana maswali mawili hayaishi barazani: je, kidonge hiki kinatibu korona? Na aliyeshikwa na korona akiendelee au akiache?

Mimi si daktari. Ninachoweka hapa ni yale ambayo utafiti umeyaonyesha, ili mtu akienda kwa daktari wake ajue la kuuliza.

Dawa zenyewe

Zinaitwa statini. Tazama pakiti: jina la dawa huishia na "statin", kama simvastatini, atorvastatini na rosuvastatini. Kazi yake ni kuzuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kutengeneza kolesteroli. Mafuta yakipungua kwenye damu, mishipa huziba polepole zaidi, na hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi hupungua. Mwanasayansi wa Japani, Akira Endo, ndiye aliyegundua ya kwanza kutokana na kuvu katika miaka ya 1970. Marekani iliidhinisha lovastatini mwaka 1987.

Kwa nini zilitajwa kwenye korona

Korona kali haikomei mapafuni. Mwili huwaka kwa uvimbe wa ndani na damu huganda ovyo kwenye mishipa. Statini, mbali na kushusha mafuta, hutuliza uvimbe na kulinda utando wa ndani wa mishipa. Basi wataalamu wakajiuliza: je, haziwezi kusaidia?

Jibu la kwanza lilitoka China mwaka 2020. Watafiti walipitia kumbukumbu za wagonjwa 13,981 katika hospitali 21 za mkoa wa Hubei. Walipolinganisha wagonjwa waliofanana, waliofariki ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 5.2 miongoni mwa waliotumia statini, na asilimia 9.4 miongoni mwa wasiotumia. Habari ikasambaa.

Lakini kuna tatizo. Kumbukumbu za hospitali hazisemi kwa nini huyu alipewa dawa na yule hakupewa. Huenda aliyepewa alikuwa na nguvu ya kumeza, au alikuwa mtu wa kufuata matibabu yake tangu zamani. Ili kujua kama ni dawa ndiyo iliyosaidia, wagonjwa hugawanywa kwa kura: hawa wapewe, hawa wasipewe.

Iran ilifanya hivyo kwa wagonjwa mahututi 587. Nusu walipewa atorvastatini miligramu 20, nusu kidonge kisicho na dawa. Waliofariki au kupata madhara makubwa ya kuganda damu walikuwa asilimia 33 upande wa dawa na asilimia 36 upande wa pili. Tofauti ni ndogo mno kuweza kusema dawa ilifanya kazi. Matokeo yalitolewa 2022.

Jaribio kubwa zaidi, REMAP-CAP, lilihusisha wagonjwa mahututi 2,684 katika nchi 13, kwa simvastatini miligramu 80. Matokeo ya 2023 yalionyesha dalili njema: siku za kuishi bila kusaidiwa na mashine au dawa za kuinua presha zilikuwa 11 kwa waliopewa na 7 kwa wasiopewa. Hata hivyo jaribio lilisimamishwa kwa kuwa wagonjwa walipungua, kabla ya kufikia kiwango cha uhakika kilichowekwa. Na hiyo ni dozi kubwa, kwa watu waliolazwa ICU chini ya uangalizi. Si ya kumezwa nyumbani kwa ajili ya kikohozi.

Pale zinapogongana

Dawa ya korona iitwayo Paxlovid ina ritonaviri ndani yake, ambayo huzuia ini kuiondoa statini mwilini. Simvastatini na lovastatini hazifai kabisa kutumiwa pamoja nayo. Statini nyingine daktari huweza kuzisimamisha kwa muda. Ritonaviri pia imo katika baadhi ya dawa za virusi vya Ukimwi. Antibaotiki kama erithromisini na klarithromisini, ambazo wengine huzinunua dukani wakikohoa, nazo hugongana na simvastatini. Hata balungi likiliwa kwa wingi lina athari hiyo.

Statini ikizidi mwilini huweza kuvunja misuli na kuumiza figo. Dalili ni maumivu makali ya misuli, unyonge, na mkojo mweusi kama chai ya rangi. Ukiona hayo, nenda hospitali siku hiyohiyo.

La kufanya

Ikiwa daktari amekuandikia statini, endelea nayo hata ukishikwa na korona, isipokuwa yeye akuambie usimamishe. Kuiacha kwa hofu ni kuuweka moyo hatarini wakati ule ule mwili umedhoofika. Mwezi wa Ramadhani nao si sababu ya kuiacha: kidonge ni kimoja kwa siku, na kinamezwa usiku.

Kama hukuandikiwa, usinunue kwa sababu ya korona, wala usigawane na jirani au ndugu yako. Mjamzito na anayenyonyesha wamuone daktari kwanza.

Na mzee wenu akipelekwa hospitali, bebeni pakiti zake zote za dawa. Mkiulizwa anatumia nini, msijibu "kile kidonge cheupe". Daktari akiliona jina tu, atajua lipi liendelee na lipi lisimame.